Kuanza kurusha paramota: bawa kwanza, injini baadaye

Msomaji mmoja mwenye umri wa miaka 34, ambaye hajawahi kuruka na chombo chochote isipokuwa ndege ya abiria, ameniandikia kwamba anataka kujifunza kurusha paramota, yaani kuruka kwa bawa la kitambaa linalosukumwa na injini ndogo ya kubebwa mgongoni. Ametazama video nyingi, na sasa amempata mtu anayeuza mtambo uliokwisha kutumika pamoja na bawa lake. Bawa hilo lina kibandiko kinachosema kilo 70 hadi 95, na kwa kuwa msomaji ana kilo 92, muuzaji amemhakikishia kwamba linamtosha. Anauliza kama anunue kwanza ndipo atafute mwalimu, kama anaweza kujifunza peke yake, itamchukua muda gani, na kama mchezo huu ni wa hatari kama watu wanavyosema.

Ndugu yangu, usinunue bado. Mtambo wenyewe sijauona, kwa hiyo siwezi kuusema vibaya. Ila mtu asiyejua kuruka hana namna ya kujua anunue nini, na hicho kibandiko cha kilo kina jambo ambalo muuzaji ama halijui ama hakutaka kukuambia. Nitalirudia kwa hesabu huko mbele. Kuhusu kujifunza peke yako, nakuomba uliondoe wazo hilo kabisa. Wapo waliojaribu wakasalimika, na ndio wanaoonekana kwenye video.

Kosa la karibu kila anayeuanza mchezo huu ni kudhani kwamba paramota ni injini iliyofungiwa mwavuli, wakati kinachokubeba angani ni bawa na injini kazi yake ni kusukuma tu. Bawa ni kitambaa chepesi cha nailoni chenye vyumba vilivyo wazi upande wa mbele, ambavyo hujaa hewa bawa linapokwenda na kulipa umbo lake. Kutoka hapo hushuka kamba nyembamba zinazokusanyika kwenye mikanda miwili, wa kushoto na wa kulia, nayo mikanda hushikwa na karabina, yaani pete za chuma zinazofunguka, kwenye hanesi, kiti cha mikanda ulichokivaa. Mgongoni unabeba injini ndogo inayotumia petroli iliyochanganywa na oili, yenye propela iliyozungukwa na kizimba cha mabomba na wavu, na mzigo wote huo kwa kawaida una uzito wa kilo 20 hadi 35. Injini ikizimika angani huanguki; bawa linaendelea kuteleza, na kwa makadirio ya tahadhari husogea mita 6 mbele kwa kila mita 1 inayoshuka, kwa hiyo kutoka urefu wa mita 150 katika hewa tulivu una karibu mita 900 za kutafuta mahali pa kutua. Hiyo ndiyo sababu ya rubani mwenye busara kuruka huku jicho lake likiwa na uwanja wa kutua wakati wote, na pia ndiyo sababu ya mimi kusisitiza kwamba ujuzi wa bawa uje kabla ya ujuzi wa injini.

Ujuzi huo hupatikana ardhini. Mwanafunzi huvaa hanesi bila injini, hutandaza bawa nyuma yake katika umbo la upinde ili sehemu ya katikati ijae hewa kabla ya ncha, kisha hujifunza kulinyanyua na kulishikilia juu ya kichwa chake bila kuruka. Pakiwa na upepo wa kilomita 10 hadi 18 kwa saa, hufanya hivyo akiwa ameligeukia bawa na kuupa upepo mgongo, na anaona kila kinachotokea. Upepo ukiwa haba, hulipa bawa mgongo na kulinyanyua kwa kukimbia, akitegemea mvuto anaousikia mabegani tu. Namna hii ya pili ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo inayohitajika mara nyingi ukiwa na injini, kwa sababu asubuhi tulivu zinazotufaa huwa hazina upepo wa kutosha.

Utakapoanza, mwili wako utakudanganya. Bawa likiinama kushoto, utataka kukimbilia kulia ili kulivuta lirudi, na hapo hapo litaanguka. Dawa yake ni kuingia chini yake, yaani kupiga hatua mbili tatu kuelekea upande uleule linakoangukia, huku ukivuta kwa kiasi kidogo breki ya upande wa pili, yaani kamba ya mkononi inayovuta ukingo wa nyuma wa bawa. Inasikika rahisi, lakini huchukua saa nyingi hadi miguu ianze kutenda kabla ya akili kuamua. Mimi humtaka mwanafunzi afikishe angalau saa 10 za kazi hii kabla sijamfungia injini mgongoni, na ninafurahi zaidi akifikisha 20. Wengi hulalamika kwamba walikuja kuruka, nao wameachwa wakihangaika na kitambaa uwanjani huku jasho likiwatoka. Ninawaelewa, hata hivyo, sijawahi kumwona mtu aliyejuta kwa kulijua bawa lake mno.

Ipo sababu nyingine ya ukali huu. Katika ndege, mwalimu huketi pembeni yako naye ana usukani wake, ilhali katika paramota ya kuruka kwa miguu, safari yako ya kwanza yenye injini unakwenda peke yako, na mwalimu ni sauti tu kwenye redio iliyo ndani ya helmeti. Anaweza kukuambia uvute breki, lakini hawezi kuivuta kwa niaba yako. Baadhi ya shule humpandisha mwanafunzi kwanza na mwalimu katika bawa la watu wawili, nyingine humpeleka kwenye mteremko mdogo au humvuta kwa kamba ya winchi ili aonje kutua bila injini kabla ya siku hiyo. Ukiipata shule inayofanya mojawapo ya hayo, ni dalili njema.

Sasa nikueleze sekunde chache za kupaa, maana makosa mengi ya wanaoanza hutokea hapo. Injini inanguruma mgongoni kwa mwendo wa chini, mikanda ya mbele, yaani matawi ya mbele ya ile mikanda miwili ya bawa, iko mikononi, na mwalimu anakuambia uende. Unaanza kukimbia, bawa linapanda, mvuto wa kukurudisha nyuma unaongezeka kisha unapungua ghafla linapofika juu ya kichwa. Unaiachia mikanda ya mbele, unalitazama bawa mara moja kuhakikisha limefunguka lote, unaongeza mafuta kwa utaratibu, na unaendelea kukimbia kifua kikiwa mbele na mgongo umenyooka, hatua zinakuwa ndefu na nyepesi, hadi unagundua kwamba miguu inakanyaga hewa. Hapo, mwanafunzi anayefurahi hukunja magoti ili aketi. Nami nilifanya vivyo hivyo. Nilikuwa nimenyanyuka mita 1 hivi, nikadhani kazi imekwisha, nikainua miguu kukitafuta kiti. Bawa, ambalo lilikuwa bado halijachukua uzito wote, likashuka kidogo, nami nikatua kwa makalio. Kizimba kilipinda, propela ikagonga ardhi na kuvunjika vipande, na walionitazama walicheka kwa adabu. Tangu siku hiyo huwaambia wanafunzi waendelee kukimbia hata wakiwa hewani, na wasikitafute kiti hadi wafike urefu wa nyumba kadhaa, tena bila kuachia breki, kwa sababu mkono unaoachia breki ili usukume kiti huacha bawa bila msimamizi wakati linapomhitaji kuliko wakati wote.

Injini nayo ina tabia zake ambazo hazimo katika bawa peke yake. Wewe unaning'inia chini ya bawa kama pendulamu: ukiongeza mafuta kwa pupa, mwili wako husukumwa mbele huku bawa likibaki nyuma na pua yake ikiinuka, ukiyakata ghafla, unarudi nyuma na bawa linakutangulia. Zaidi ya hayo, propela inapozungukia upande mmoja, mtambo hutaka kuzungukia upande wa pili, na kwa nguvu kubwa ya injini utajikuta unapinda bila kukusudia. Anayeanza hulisahihisha hilo kwa breki, akivuta zaidi na zaidi, huku pua ya bawa ikiwa tayari imeinuliwa na injini. Mwendo wa bawa hupungua hadi upande mmoja upoteze uwezo wa kubeba, na bawa huzunguka kama pia katika urefu wa mita 20, ambako hakuna nafasi ya kurekebisha chochote. Kwa hiyo kanuni ambayo ningependa uikariri kuliko zote ni hii: ukichanganyikiwa, inua mikono, punguza mafuta taratibu, kisha ndipo uelekeze. Bawa la mwanafunzi, lile la daraja A katika viwango vya Ulaya vya EN 926, limebuniwa ili lijirudishe lenyewe katika mwendo wake mtu anapoacha kulisumbua.

Kuhusu hatari, nitakujibu bila kuzungukazunguka: ndiyo, mtu anaweza kufa, na njia nyingi za kufa katika mchezo huu huanza na uamuzi uliofanywa akiwa bado amesimama chini. Uamuzi wa kwanza ni wa hali ya hewa. Bawa la mwanafunzi huenda kwa mwendo wa kilomita 38 au 40 kwa saa katika hewa, na mwendo huo huwezi kuuongeza kwa kukanyaga mafuta, kwa sababu ukiongeza nguvu ya injini unapanda juu, huendi mbio zaidi. Basi ukikutana na upepo wa kilomita 35 kwa saa, unasonga mbele kwa mwendo wa mtu anayetembea, na ukizidi kidogo unarudi kinyumenyume. Ukumbuke pia kwamba upepo wa mita 200 juu karibu kila mara ni mkali kuliko unaokugusa usoni uwanjani.

Ndiyo maana wanaoanza huruka katika saa mbili au tatu za kwanza baada ya jua kuchomoza, na tena katika saa mbili za mwisho kabla halijazama. Katikati ya siku jua huipasha ardhi joto bila usawa, shamba lililolimwa likipata moto kuliko bwawa lililo jirani, na hewa moto hupanda kwa mabonge huku hewa baridi ikishuka pembeni yake. Bawa linalopita kwenye mpaka wa hewa hizo mbili linaweza kukunjika upande mmoja. Bawa zuri hufunguka lenyewe, ila linahitaji urefu wa kufanyia hivyo, na anayeanza huwa mara nyingi yuko chini. Upepo unaopita juu ya miti au majengo nao huchafuka ukifika upande wa pili: nyuma ya safu ya miti yenye urefu wa mita 15, hewa inaweza kuwa na msukosuko hadi umbali wa mita 150 na zaidi. Na ukiona wingu la radi, hata likiwa mbali, funga vitu vyako, kwa sababu upepo linaoutoa unaweza kukufikia kutoka umbali wa kilomita 20 au 30, wakati juu yako kungali na jua.

Jizoeze kusimama uwanjani dakika 10 nzima bila kugusa kitu, ukiutazama mfuko wa upepo, ule wa kitambaa unaoning'inizwa mlingotini kuonyesha upepo. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya upepo unapolegea na unapovuma, kuliko ukali wake peke yake. Kilomita 12 kwa saa zisizobadilika ni zawadi; upepo unaoruka kutoka 8 hadi 18 kisha ukarudi ni wa kulitumia bawa ardhini tu, au wa kurudi nyumbani. Nimewahi kusafiri mwendo mrefu na wanafunzi 4, tukatazama mfuko wa upepo tangu alfajiri hadi jua kali, tukarudi bila mtu yeyote kuruka. Mmoja wao alinuna, na nilimwacha anune.

Propela inastahili hofu yake peke yake. Ina kipenyo cha mita 1.2 au 1.3, na ikizunguka kwa nguvu zote, ncha zake hupita kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 500 kwa saa. Jeraha baya linalojirudia sana katika mchezo huu ni la mkono na vidole, nalo hutokea ardhini wakati injini inawashwa. Mtu huukalisha mtambo chini, huushika kwa mkono mmoja na kuvuta kamba ya kuwashia kwa mkono mwingine, bila kujua kwamba waya wa mafuta umekwama ukiwa wazi. Injini huwaka kwa nguvu zote, msukumo wa kilo 60 humjia usoni, naye anyooshapo mkono kuuzuia, vidole hupenya kwenye wavu. Kabla ya kuwasha, bonyeza kishikio cha mafuta na ukiachie, usikie kama kinarudi chenyewe hadi mwisho. Jaribu swichi ya kuzimia. Waondoe watu, hasa watoto, kutoka pande zote zilizo sambamba na propela, kwa sababu ikivunjika vipande vyake hurukia huko. Na mtambo ukiwa una kiwashio cha umeme, uwashe ukiwa umeuvaa mgongoni.

Maji na nyaya za umeme nitazitaja pamoja, kwa kuwa zote huua watu wasiokuwa na kosa jingine lolote la urushaji. Aliyetua majini amefungwa kwa mikanda kwenye chuma, huku kamba na kitambaa vikimzonga, na dakika anazopewa ni chache mno. Usivuke maji yoyote usiyoweza kuyamaliza kwa kuteleza injini ikiwa imezima, na ukiishi penye maji mengi funga kwenye mtambo maboya yanayojijaza hewa yenyewe. Nyaya hazionekani kutoka juu, basi tafuta nguzo, na ukiziona nguzo mbili chukulia kwamba kati yao kuna waya hata kama macho yako yanakana.

Vifaa vingine nitavipita haraka. Utahitaji helmeti, viatu vinavyokaza kifundo cha mguu, glavu, redio, na parachuti ya akiba, ambayo ni rafiki mwema ukiwa juu na msaada mdogo ukiwa mita 50 kutoka ardhini. Petroli huchanganywa na oili kwa kipimo cha mtengenezaji wa injini. Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 2, yaani mililita 100 katika lita 5, nayo injini hutumia lita 3 hadi 5 kwa saa.

Sheria nazo hutofautiana sana kutoka nchi hadi nchi. Marekani haidai leseni, ila kanuni yake ya Sehemu ya 103 inataka chombo kiwe cha mtu mmoja, kisizidi kilo 115 kikiwa kitupu wala lita 19 za mafuta, na kisiruke usiku wala juu ya makazi yenye msongamano. Uingereza pia haidai leseni kwa anayeruka kwa miguu, ingawa sheria za anga zinamhusu kama marubani wengine, wakati Ufaransa na Ujerumani hudai mafunzo na leseni. Iulize mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako kwa maandishi, na ujifunze kusoma ramani ya anga, kwa sababu hata pasipodaiwa leseni hakuna nchi inayomruhusu mtu kujitokeza mbele ya ndege inayotua.

Kuhusu muda, hesabu siku 8 hadi 12 za hali ya hewa nzuri, ambazo kwenye kalenda zinaweza kuwa wiki mbili au miezi miwili. Unapomchagua mwalimu, usimwulize amefundisha wangapi. Muulize mwanafunzi hukaa saa ngapi ardhini kabla ya kufungiwa injini, nani huamua kwamba leo haturuki, na kama unaweza kuja kutazama somo moja bila kujiandikisha. Anayekuahidi kukurusha siku ya pili, mshukuru uondoke.

Sasa turudi kwenye kibandiko. Kilo zinazoandikwa kwenye bawa ni za kila kitu kinachopaa, wala si za mwili wa rubani. Chukua kilo zako 92, ongeza mtambo wa kilo 27, lita 8 za mafuta ambazo ni kilo 6 hivi, bawa lenyewe kilo 5, na mavazi, helmeti na redio kilo 5 nyingine. Jumla ni kilo 135, yaani kilo 40 juu ya kiwango cha mwisho. Wapo watengenezaji wanaotoa kipimo cha pili, kikubwa zaidi, kwa matumizi ya injini, lakini nacho huandikwa na mtengenezaji mwenyewe, hakitolewi na muuzaji kwa mdomo. Bawa dogo namna hiyo lingekulazimisha ukimbie kwa kasi ambayo anayeanza hana ili lipae, lingejibu kila mguso wa breki kwa ukali, na lingekufikisha chini kwa mwendo ambao magoti yako hayajauzoea. Kwa kilo zako tafuta bawa la daraja A ambalo 135 inaangukia karibu na katikati ya kiwango chake. Likiwa limetumika, lipelekwe kwa fundi apime kama kitambaa bado kinazuia hewa na kama kamba hazijabadilika urefu, kwa sababu jua hulila bawa polepole bila kuacha alama inayoonekana kwa macho.

Injini ya huyo muuzaji inaweza kuwa nzuri. Mwambie kwamba huna haja na bawa, na kwamba injini utakuja kuitazama pamoja na mwalimu wako, ambaye atataka kuisikia ikiwashwa ikiwa baridi. Akisema hawezi kusubiri, muache amuuzie mwingine.